Amplifaya ya Transista ya Zamani: Kuitambua na Kuitengeneza

Amplifaya ni chombo cha kukuzia sauti. Hupokea umeme mdogo sana utokao katika kinanda cha santuri, redio au maikrofoni, na kuutoa tena ukiwa na nguvu ya kutosha kusukuma spika. Zile zilizotengenezwa kwa uangalifu mkubwa ziliitwa hai-fai, yaani zenye sauti aminifu, maana msikilizaji alitazamia kusikia ngoma kama ngoma na zeze kama zeze. Katika nyumba za wazee wetu, na katika kumbi za shule na za makanisa, zimebaki amplifaya za namna hiyo zilizoundwa kati ya mwaka 1960 na mwaka 1980. Nyingine zimewekwa juu ya kabati zikijaa vumbi, na wenyewe hudhani kuwa zimekufa.

Mara nyingi hazijafa. Ugonjwa wake huwa ni kipande kimoja au viwili vya bei ndogo. Lakini kijana akiikuta amplifaya kama hiyo, jambo la kwanza alifanyalo ni kuichomeka ukutani ili aone kama italia. Hapo kile kipande kibovu huunguza vizima vilivyo jirani yake, na pengine spika pia, na chombo ambacho kingepona kwa kazi ya siku moja huwa takataka. Basi katika somo hili nataka msomaji ashike kanuni moja: tambua kwanza, pima pili, umeme uwe wa mwisho. Ukiifuata utaokoa chombo, na pengine utaokoa maisha yako.

1. TRANSISTA ILITOKA WAPI

Kabla ya transista, amplifaya zilitumia valvu, yaani chupa za kioo zenye uzi unaowaka ndani. Transista ilivumbuliwa mwezi wa Desemba mwaka 1947 katika maabara ya Bell huko Marekani. Waliofanya kazi hiyo ni John Bardeen na Walter Brattain, pamoja na William Shockley aliyeiendeleza, na wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1956. Transista za mwanzo zilikuwa za jerimaniamu. Mwaka 1954 kampuni ya Texas Instruments ilianza kuuza transista za silikoni, na silikoni ndiyo iliyoshinda mwishowe.

Yafaa mwanafunzi ajue tofauti ya vitu hivi viwili, maana ndiyo itakayomwongoza katika kazi. Transista ya jerimaniamu hufunguka kwa volti 0.2 au 0.3, lakini haipendi joto. Kila joto lipandapo digrii 10 hivi, umeme unaovuja ndani yake hukaribia kuongezeka maradufu. Umeme huo huleta joto zaidi, na joto huleta umeme zaidi, mpaka transista ife. Ya silikoni hufunguka kwa volti 0.6 au 0.7, nayo huvumilia joto kali zaidi.

Huko Uingereza, kampuni ya Harold Leak ilitoa amplifaya iitwayo Leak Stereo 30 mwaka 1963, nayo ilikuwa na transista za jerimaniamu. Mwaka 1967 kampuni ya Acoustical ya Peter Walker, katika mji wa Huntingdon, ilitoa Quad 303 yenye transista za silikoni. Nguvu yake ilikuwa wati 45 kila upande kwa spika ya omu 8, nayo iliendelea kuundwa mpaka mwaka 1985. Hiyo ndiyo tutakayoitumia kuwa mfano katika hesabu zetu.

2. KUITAMBUA

Usifungue kitu kabla ya kusoma mgongo wa chombo. Tafuta jina, namba, na hasa volti inazotaka. Katika nchi zetu umeme wa ukutani ni volti 220 mpaka 240, lakini amplifaya iliyonunuliwa Marekani huenda ikataka volti 117, na ya Japani volti 100. Nyingi zina swichi au plagi ndogo ya kuchagulia volti. Itazame. Chombo cha volti 117 kikitiwa volti 240 kitaungua mara moja.

Tazama pia kamba ya umeme. Katika kamba za Uingereza za miaka ya 1960 waya mwekundu ulikuwa wa moto, mweusi nyutro, na wa kijani ardhi. Katika kamba za Marekani mweusi ndio wa moto, na mweupe ni nyutro. Siku hizi kamba zetu zina kahawia kwa moto, buluu kwa nyutro, na kijani chenye mistari ya manjano kwa ardhi. Mtu asiyejua mambo haya aweza kufunga plagi kinyume na kuuawa na sanduku la chuma. Kama kamba ni kuukuu na imepasuka, ibadilishe yote.

Kisha soma namba za transista. Namba hizo zina lugha yake:

(a) Namba za Ulaya za zamani huanza kwa OC, kama OC71. Hizo kwa kawaida ni jerimaniamu.

(b) Namba za Ulaya zilizofuata zina herufi mbili. Herufi ya kwanza ikiwa A, ni jerimaniamu. Ikiwa B, ni silikoni. Herufi ya pili ikiwa C, ni transista ndogo ya sauti. Ikiwa D, ni kubwa ya nguvu. Ikiwa F, ni ya mawimbi ya redio. Basi AD149 ni transista kubwa ya jerimaniamu, na BC108 ni ndogo ya silikoni.

(c) Namba za Marekani huanza kwa 2N, kama 2N3055. Hizo hazikuambii kama ni jerimaniamu au silikoni. Hapana budi kutazama katika kitabu cha orodha.

(d) Namba za Japani huanza kwa 2S na herufi moja. 2SA na 2SB ni za aina ya PNP. 2SC na 2SD ni za aina ya NPN. Mara nyingi 2S haikuandikwa, ukaona C au D na namba tu.

Transista kubwa za mwisho, zile zinazosukuma spika, ni rahisi kuziona. Nyingi zina umbo la kofia ya chuma yenye masikio mawili, zimefungwa kwa skrubu mbili juu ya bati nene lenye mapezi ya kupoza joto. Chini yake huwa kuna bamba jembamba la ulanga na mafuta meupe. Ulanga huzuia umeme lakini hupitisha joto. Kumbuka kwamba kofia yenyewe ndiyo kolekta, yaani ina umeme. Usiiguse.

Jambo la mwisho la kutambua ni hili: je, kati ya transista za mwisho na spika pana kapasita kubwa? Amplifaya nyingi za miaka ya 1960 zilikuwa na mstari mmoja wa umeme, na nukta ya katikati, ambapo transista mbili za mwisho hukutana, hukaa kwenye nusu ya volti za mstari huo. Kapasita hupitisha sauti na kuzuia volti hizo zisifike katika spika. Amplifaya nyingi za baadaye zina mistari miwili, mmoja chanya na mmoja hasi, na nukta ya katikati hukaa karibu na sifuri, wala hazina kapasita hiyo. Ukilijua hilo, unajua volti gani uzitafute, na hatari gani inaikabili spika. Katika aina ya pili, transista moja ikifa kwa kushikana ndani, volti zote za mstari humiminika katika spika na kuichoma.

3. TAHADHARI KABLA YA KAZI

Chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Hata baada ya kuchomoa, kapasita kubwa huhifadhi umeme kama mtungi unavyohifadhi maji. Usiufyatue kwa bisibisi, maana cheche zake huharibu kapasita na zaweza kurusha chuma jichoni. Chukua rezista ya omu 1000 yenye uwezo wa wati 5, ishike kwa koleo lenye mpini wa plastiki, uiweke juu ya ncha mbili za kapasita, uhesabu mpaka ishirini. Kisha pima kwa mita. Zikiwa zimebaki volti moja au mbili tu, waweza kuanza.

Fanya kazi juu ya meza kavu, ukivaa viatu. Mtu mwingine awepo chumbani, naye ajue swichi kuu ilipo. Ukipima chombo chenye umeme, tumia mkono mmoja, wa pili uutie mfukoni. Mwanafunzi asiyepata kufanya kazi ya umeme wa ukutani asianze peke yake. Amwombe mwalimu wa fizikia au fundi asimame naye. Kuuliza si ujinga.

4. KUPIMA BILA UMEME

Tumia macho na pua kwanza. Tafuta rezista iliyogeuka nyeusi, kapasita iliyovimba au kutoa majimaji, waya uliokatika, lehemu iliyopasuka kwa duara kuzunguka mguu wa kipande. Tazama fyuzi. Fyuzi iliyokatika taratibu, kioo chake kikiwa safi, huenda ilichoka tu. Fyuzi ambayo kioo chake kimekuwa cheusi au kama fedha ilikatwa na mkondo mkubwa sana, nayo inakuambia kuwa kuna kitu kimeshikana. Usiweke fyuzi kubwa zaidi ili izuie kukatika. Kufanya hivyo ni sawa na kumfunga mlinzi mdomo wakati mwizi yumo ndani.

Sasa chukua mita, uiweke katika kipimo cha dayodi. Transista ni kama dayodi mbili zilizounganishwa kwenye besi. Kati ya besi na emita, na kati ya besi na kolekta, umeme hupita upande mmoja tu: silikoni itaonyesha 0.5 mpaka 0.7, na jerimaniamu 0.2 mpaka 0.3. Kati ya kolekta na emita umeme usipite, ijapokuwa jerimaniamu huvuja kidogo hata ikiwa nzima. Mita ikionyesha sifuri kati ya kolekta na emita, transista hiyo imekufa. Lakini vipande vingine vilivyo jirani vyaweza kudanganya mita. Ukishuku, itoe transista katika kibao uipime peke yake.

Hapa amplifaya ya stirio inatusaidia sana. Ina pande mbili, kushoto na kulia, zenye saketi ile ile. Kwa kawaida upande mmoja hufa na mwingine hubaki. Basi pima nukta ya upande mzima, kisha nukta iyo hiyo ya upande mgonjwa, uandike katika daftari safu mbili. Mahali namba zinapoachana ndipo penye ugonjwa au karibu yake. Kwa njia hiyo hata mtu asiye na ramani ya saketi aweza kufika mbali, maana upande mzima ni mwalimu wa upande mgonjwa.

5. KUTIA UMEME KWA MARA YA KWANZA

Tengeneza soketi ambayo waya wake wa moto unapitia katika taa ya uzi ya wati 60. Taa za LED za siku hizi hazifai kwa kazi hii. Ni lazima iwe taa ya uzi unaowaka. Chomeka amplifaya katika soketi hiyo bila spika. Ikiwa taa inawaka kwa ghafula kisha inafifia, kapasita zimejaa na mambo ni salama kwa kiasi. Ikiwa taa inawaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna kitu kimeshikana ndani. Lakini taa imeuchukua mkondo huo, na amplifaya imesalimika. Chomoa, urudi sehemu ya 4.

Taa ikififia, pima volti za mstari na za nukta ya katikati. Kwa kuwa taa hupunguza volti, usirekebishe kitu sasa. Tazama tu kama nukta ya katikati inakaribia nusu, au sifuri kwa zile za mistari miwili. Ikiwa sawa, ondoa taa, upime tena. Kwa amplifaya ya mistari miwili, volti zilizobaki kwenye ncha za spika zisizidi milivolti 50 hivi. Baada ya hayo funga rezista ya omu 8 yenye uwezo wa wati 50 mahali pa spika, kisha spika mbovu usiyoionea uchungu, na mwisho kabisa spika yako nzuri.

6. HESABU ZA QUAD 303

Tufanye hesabu ili tuone kuwa volti za chombo hazikuchaguliwa ovyo. Quad 303 hutoa wati 45 katika omu 8. Twajua kuwa nguvu ni volti mara volti, kugawanywa kwa omu. Basi 45 mara 8 ni 360, na kipeuo cha pili chake ni karibu 19. Hizo ni volti 19 za wastani wa mkondo geu. Kilele cha wimbi ni 19 mara 1.414, yaani karibu volti 27. Wimbi hupanda volti 27 na kushuka volti 27, jumla 54. Kwa hiyo mstari wa umeme hapana budi uzidi volti 54, pamoja na akiba ya kile kinachopotea katika transista na rezista. Watengenezaji walichagua volti 67, zikisimamiwa na saketi maalumu ili zisiyumbe. Nusu yake ni 33.5, na hiyo ndiyo volti unayotakiwa kuiona katika nukta ya katikati ya kila upande.

Sasa tazama manufaa yake kwa fundi. Ukipata 67 kwenye mstari, na 33.5 kulia, lakini 60 kushoto, umekwisha jua bila kugusa kipande kimoja kuwa sehemu ya kugawa umeme ni nzima, upande wa kulia ni mzima, na ugonjwa umo upande wa kushoto. Ukipata 40 kwenye mstari na pande zote mbili zimepotoka, usihangaike na pande hizo. Anza na mstari. Vipimo vitatu vimekuokolea siku nzima.

7. MAGONJWA YA KAWAIDA NA DAWA YAKE

Mvumo mzito. Ukisikika hata sauti ikiwa imeshushwa kabisa, kapasita kubwa za sehemu ya kugawa umeme zimekauka. Ukisikika sauti inapopandishwa tu, tafuta waya wa ardhi uliokatika katika kamba ya kinanda.

Sauti ya chini kupotea. Kapasita ya spika imezeeka. Kapasita ya mikrofaradi 2000 pamoja na spika ya omu 8 huanza kupunguza sauti kwenye mitetemo 10 hivi kwa sekunde, chini ya masikio ya mtu. Ikikauka mpaka 200, hupunguza kuanzia mitetemo 100, na ngoma kubwa hupotea.

Mikwaruzo unapozungusha kifundo. Ni uchafu. Tia dawa ya kusafishia viungo vya umeme, uzungushe mara ishirini. Usitie mafuta ya kupikia.

Sauti kukwaruza ikiwa ndogo, lakini safi ikiwa kubwa. Mkondo wa wakati wa ukimya umepungua mno. Hupimwa juu ya rezista ndogo ya emita: ukipata milivolti 10 juu ya rezista ya omu 0.5, mkondo ni 0.010 kugawanya kwa 0.5, yaani ampea 0.020, au miliampea 20. Rekebisha kwa kipimo cha mtengenezaji, polepole, amplifaya ikiwa imepata joto kwa dakika 15 au zaidi. Ukiuzidisha, transista zitaungua.

Upande mmoja kunyamaza. Badilishana kamba za kuingilia, ya kushoto iende kulia. Ukimya ukihama, ugonjwa uko katika kinanda au kamba. Ukibaki palepale, umo katika amplifaya.

8. KUBADILI VIPANDE

Transista kubwa ikifa, mara nyingi huwa imekufa pamoja na ndogo inayoisukuma na rezista iliyo kati yake. Pima mnyororo wote kabla ya kutia mpya, la sivyo mpya itakufa katika sekunde moja. Usitie silikoni mahali pa jerimaniamu bila kubadili saketi, maana moja hutaka volti 0.2 na nyingine 0.6. Volti za kapasita mpya zisiwe chini ya zile za zamani, na ncha chanya iende mahali pake. Weka ulanga mpya na mafuta mapya, kisha pima kati ya kofia na bati: umeme usipite.

Jihadhari na bandia. Namba maarufu kama 2N3055 huigwa sana, na ndani ya kofia huwekwa kipande kidogo kisichoweza kazi. Nunua kwa muuzaji anayekubali kurudishiwa, na usishawishiwe na bei ya chini mno.

Mwisho, andika katika karatasi kila ulichobadili, tarehe yake, na volti ulizopata, uibandike ndani ya kifuniko. Miaka ishirini ijayo mtu mwingine atakifungua chombo hicho, naye atashukuru kukuta namba zako.

MASWALI YA ZOEZI

1. Transista imeandikwa AC128. Je, ni ya kitu gani, na ni ya kazi gani?

2. Amplifaya ya mstari mmoja ina volti 48. Nukta ya katikati iwe na volti ngapi? Ukikuta volti 46, ugonjwa waweza kuwa wapi?

3. Milivolti 15 zimepatikana juu ya rezista ya omu 0.3. Tafuta mkondo.

4. Amplifaya hutoa wati 20 katika omu 8. Tafuta jumla ya kupanda na kushuka kwa wimbi, kisha useme kama mstari wa volti 30 unatosha.

5. Eleza kwa nini taa ya uzi huokoa amplifaya yenye kipande kilichoshikana, na kwa nini taa ya LED haifai.